Mwili umetulia ICU, lakini ubongo bado unawaka

Mtu akianguka pale steji na kuanza kutetemeka, utasikia wasee wakiitisha kijiko wamtie mdomoni. Achana na kijiko. Mlaze kwa ubavu, kisha uangalie saa.

Mitetemeko mingi huisha yenyewe kwa dakika mbili au tatu. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla mtu hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Baada ya dakika 30, ubongo unaweza kupata madhara ya kudumu. Na si lazima awe na kifafa: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kiharusi ama ajali ya bodaboda vinaweza kuleta hali hiyo hiyo.

Hospitalini hupimwa sukari mara moja, kwa sababu ikishuka sana pia huleta mitetemeko. Kisha hudungwa diazepamu, lorazepamu au midazolamu. Zikigonga mwamba, huongezwa fenitoini, valproati au levetirasetamu. Ipi kali zaidi? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2019 ulipata sare: kila moja ilifaulu kwa karibu nusu ya wagonjwa.

Wanaobaki hupelekwa ICU, wakalazwa usingizi mzito kwa propofoli, midazolamu au ketamini, huku mashine ikiwapumulia.

Hapo ndipo mambo hujificha. Familia inachungulia, inamwona mtu wao ametulia tuli, inashukuru Mungu. Kumbe ndani ya kichwa moto haujazimika. Pengine kope tu ndiyo inacheza, au hakuna kinachocheza kabisa. Dawa za kulegeza misuli wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia huzuia mwili kutetemeka, lakini hazigusi ubongo.

Kinachoweza kufichua hali hiyo ni EEG, kipimo cha nyaya zinazobandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo. Mwaka 2000, watafiti Marekani waliwapima wagonjwa 236 waliopoteza fahamu bila dalili yoyote ya mtetemeko. Asilimia 8 walikuwa bado katikati ya shambulio. Kipimo cha nusu saa pia kinaweza kulikosa, ndiyo maana wataalamu hupendelea nyaya zikae saa 24 au zaidi, mradi mashine ipo na msomaji wake yupo (hilo la pili husahaulika sana).

Kwa hivyo mtu wako akitulia lakini haamki, muulize daktari: “Amepimwa EEG? Na kama hapa hakuna, anaweza kupimwa wapi?”