Prado Inagonga, Fundi Anakudai Raki

Ukiwa na Prado Nairobi, heshima inakuja mbele yako. Soja anafungua geti kabla hujapiga honi, mathree zinakupea njia (si kila siku, tusidanganyane), na ukitokea kwa ruracio, hata kama tenki iko na mafuta ya thao moja, wazee wanakuita mheshimiwa. Ndio maana yut akishika doo ya kwanza ya kueleweka, ndoto ni moja: Prado J120 nyeusi, tinti, bez inatetemesha vioo.

Shida ni J120 iliwacha kuundwa 2009. Hiyo ndai imekula mashimo na bampu miaka kibao kabla ikufikie, na uchovu wake utauskia kwa mikono. Unakata kona polepole, unaskia ko! Unapanda bampu, ko! Unaenda kwa fundi, anaangalia dakika mbili, anatingisha kichwa: "Buda, raki imeenda." Hata raki ya ex-Japan pale Kirinyaga Road inaweza kukumalizia rent. Na mara mob raki haina makosa yoyote.

Cheki vile inafanya. Kutoka kwa sukani kuna chuma inashuka, inatoboa ukuta wa injini, inafika kwa raki, ile ya kugeuza tairi. Ile shafti ya katikati iko na krosi, zile viungo zinairuhusu ikunje kona. Krosi ya chini ndiyo huumia: joto ya injini, maji ya presha ya carwash, matope ya shags. Grisi inakauka, bearing ndogo za ndani zinalika ama zinaganda. Zikilika, sukani inacheza na kugonga. Zikiganda, sukani inakuwa nzito sehemu moja, laini sehemu ingine, na ukitoka kona haijirudii yenyewe.

Kupima haitaki kompyuta. Ndai imesimama, injini imezimwa, funguo imezungushwa tu lock iachilie. Msee mmoja anatingisha sukani kidogo, kushoto kulia, kama anaamsha mtoto. Mwingine ako chini, vidole kwa krosi. Ikigonga hapo, umepata. Ikigonga karibu na tairi, hiyo ni tairodi ama rak endi. Raki yote ikiruka kwa chesisi, ni bushi, na bushi si pesa ya kulilia.

Sasa, ukikubali raki itolewe bure tu, unaweza kununua shida mpya. Nyuma ya sukani kuna waya bapa imekunjwa mizunguko, ndio inabeba stima ya airbag, honi na zile batani za redio. Fundi akifungua shafti bila kufunga sukani isizunguke, mtu akiichezea mizunguko kadhaa, waya inakatika. Jioni unaokota ndai yako: honi imededi, taa ya airbag inakuangalia. Na usiseme ni mambo ya jua kali peke yake. Aprili 2014, Toyota wenyewe waliita magari milioni 6.39 duniani yarudi kurekebishwa, mob ikiwa juu ya hiyo waya, na RAV4 na Hilux zilikuwa ndani.

Wauzaji wajanja wanajua hiyo taa inaharibu bei, so wanaitoa. Ukienda kununua, washa funguo: taa ya airbag inafaa kuwaka kidogo halafu izime. Isipowaka kabisa, kuna kitu imefichwa.

Wale wa kuinua ndai ndio wananichekesha. Ukiinua bodi kutoka kwa chesisi, raki inabaki chini, sukani inapanda, krosi zinakunjwa vibaya kuliko zilivyoundwa. Ukiinua saspensheni, krosi zinapona lakini tairodi zinalala vibaya. Ongeza matairi ya trekta hapo juu, raki na bushi zinabeba mzigo haukuwa wake. Inakaa noma kwa picha, sikatai. Weka bajeti ya spea kando.

Kitu moja haina mjadala ni kuchomelea. Kuna mafundi wakiona krosi inacheza wanaipiga weldi ndio "ikaze". Krosi ikikazwa haikunji tena, na siku joto ya weldi itakuwa imedhoofisha chuma, inakatika ukiwa Mombasa Road, lori kulia, lori kushoto. Kolamu yenyewe pia imeundwa ijikunje ukigonga kitu, isikusukume kifua. Marekani walilazimisha hiyo kwa magari mapya tangu 1968. Ukiichomelea, unajiekea mkuki mbele ya moyo.

So kama Prado yako inagonga saa hii, usitoe hata soo ya raki kabla uonyeshwe na kidole mahali inagonga. Na fundi akitoa mashine ya weldi, itisha funguo zako uhepe.