Kilomita 300 zinazokula asubuhi nzima

Ukimuuliza wakala wa tiketi safari ya Kuala Lumpur hadi Singapore inachukua muda gani, atakwambia saa moja na dakika kadhaa. Hakudanganyi. Kutoka uwanja wa KLIA wa Kuala Lumpur hadi Changi wa Singapore ni takriban kilomita 300 kwa mstari wa moja kwa moja, na hewani ndege haikai sana: kama dakika 45, maji hayajamaliza kugawiwa. Zinazobaki ni dakika za kujivuta kutoka mlangoni hadi njia ya kurukia, nazo ratiba imezihesabu.

Zinazomuuma abiria ni zile ambazo ratiba haizihesabu. KLIA, uliofunguliwa mwaka 1998, uko Sepang, kama kilomita 50 kutoka mjini. Treni ya moja kwa moja hutumia dakika 28. Teksi itategemea foleni. Weka ukaguzi, weka uhamiaji wa nchi mbili. Aliyetoka nyumbani saa 12 asubuhi asimwahidi mtu kikao kabla ya saa 5, wakati basi la kupitia Johor, mpaka ukiwa mtulivu, hufika kwa saa tano au sita. (Afadhali saa za nchi hizi mbili zinalingana.)

Hata hivyo, ndege zinajaa. Mwaka 2023 kampuni ya takwimu za anga ya OAG iliitaja njia hii kuwa yenye shughuli nyingi kuliko zote za kimataifa duniani, ikiwa na viti milioni 4.9. Kwa miaka mingi iliongozwa na Malaysia Airlines na Singapore Airlines, mashirika yaliyozaliwa tumbo moja na kutengana mwaka 1972, na nauli zilikuwa za wenye nazo. Februari 2008 mashirika ya bei nafuu, AirAsia likiwamo, yakafunguliwa mlango.

Lakini njia fupi ina ugumu wake. Ndege hunywa mafuta mengi zaidi ikipanda, na hapa ikimaliza kupanda karibu inaanza kushuka. Ada ya kutua hufuata uzito, haijali umetoka wapi. Pesa hupatikana kwa kuizungusha: itue, ishushe, ipakie, iondoke ndani ya nusu saa. Ya asubuhi ikichelewa, deni hilo hulipwa hadi usiku.

Mshindani aliyeogopwa hakuja. Mkataba wa treni ya kasi kati ya miji hii miwili, uliotiwa saini mwaka 2016 kwa ahadi ya dakika 90, ulivunjika mwishoni mwa 2020, na Malaysia ikailipa Singapore fidia ya zaidi ya dola milioni 102 za Singapore.

Basi ushindani umehamia kwenye zile dakika za ardhini. Mwaka 2024 ndege za jeti zilirudi Subang, uwanja wa zamani ulio karibu zaidi na mji, ambao kwa miaka mingi uliachiwa zaidi ndege za pangaboi. Shirika la Scoot la Singapore likapeleka ndege zake huko. Muda wa angani ni uleule. Kilichopungua ni safari ya teksi.