Mtu Anayesikiliza Inchi

Ndugu msomaji wa Minova, na wewe kijana wa machimbo ya Nyabibwe, jina la Dieudonné Wafula Mifundu unalijua? Ni mtaalamu wa geofizike aliyefanya kazi Lwiro, kule Katana. Kazi yake: kusikiliza matetemeko.

Sikio lake ni mashini. Ndani mna uzito uliotundikwa ku resori. Inchi ikicheza, uzito unakawia kuifuata, sawa vile mwili wako unavyobaki nyuma kamioni ikianza ghafula. Hapo sumaku na waya vinatoa umeme kidogo, kalamu inachora. Wimbi la kwanza linakuja mbio, la pili nyuma yake. Hesabu sekunde zilizo kati yao, zidisha mara 8: ndizo kilometa, karibu sawa. Ukipata sekunde 5, tetemeko liko kilometa 40.

Lakini kituo kimoja kinakuambia umbali tu, si upande. Viwili vinaacha fasi mbili za kuchagua. Wapaswa kuwa na vitatu. Na Wafula, mwanzoni mwa 2002, wakati wa vita (mnakumbuka!), alikuwa na viwili tu vilivyofanya kazi: Katale na Bulengo. Hata hivyo aliona karatasi zinajaa, akaonya wataalamu wa ng'ambo kwamba Nyiragongo inajitayarisha. Tarehe 17 Januari mlima ukapasuka, moto ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani.

Baadaye vituo viliongezwa. Lakini tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwapa wasikilizaji wake alama wazi chini ya saa moja tu kabla ya kupasuka.