Fahamu: Pua inayoziba upande mmoja
Mafua huziba matundu yote mawili, kisha hupona. Tundu moja likiziba kwa wiki kadhaa na kutoa damu, kujifukiza hakutoshi: huenda ni uvimbe wa saratani. Ni nadra, lakini seremala ana sababu ya kuwa makini zaidi. Tangu 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Avae barakoa kila anaporanda, tafadhali!

Daktari huchungulia puani kwa kamera nyembamba, hupiga CT-Scan, kisha hukata kinyama kipimwe maabara; bila kinyama hicho ni kubahatisha tu. Ikithibitika ni saratani, tiba kuu ni upasuaji, mara nyingi ukifuatiwa na mionzi, inayotolewa katika hospitali kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.