Madundu wa Mvua: Usiku Wanagonga Taa, Chini Watoto Wao Wanakula Mizizi



Mvua za kwanza zikishanyesha mara mbili tatu hapa Nakivale, kuna wageni wanaoingia nyumbani bila kupiga hodi. Giza likiingia na taa ya sola ikiwashwa, wanakuja wakivuma, wanagonga turubai, wanagonga ukuta, wanaanguka chali kwenye sahani ya maharage. Watoto wengine wanacheka, wengine wanalia. Hao ni madundu, au mbawakawa kwa jina la vitabuni.

Halafu baadaye, katikati ya msimu, mahindi ya mtu yananyauka, na hapo maneno yanaanza. Ati jirani amemwaga sumu. Ati kuna mtu amepita shambani usiku. Sisi walimu wa kujitolea tumeona mwezi huu tuyaongee mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu mara nyingi ni jambo moja.

Na si jambo dogo. Tangu mwaka 2023, mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi, familia nyingi zimepunguziwa na nyingine zimeondolewa kabisa. Kwa familia kama hizo, kile kipande cha shamba nyuma ya nyumba ndicho sufuria yenyewe.

NI MDUDU GANI HUYU?

Ni mdudu mwenye gamba gumu, wa rangi ya kahawia au nyeusi, mwenye ukubwa wa punje ya maharage au zaidi. Anaruka vibaya, kama mtu aliyebeba mzigo mzito. Ukimshika, miguu yake inakwaruza kidogo kwa sababu ina vimiba, lakini hana mwiba wa kuchoma na hana sumu.

Ndugu zetu waliopata safari ya Marekani watakuwa wameona kwamba kule pia wako. Huko wanaitwa mbawakawa wa Juni, maana wanatokea mwezi wa tano na wa sita, joto likianza. Huku kwetu Juni ni kiangazi, watu wanavuna na kuanika. Wa kwetu wanafuata mvua: zile za mwezi wa tisa na wa kumi, na zile za mwezi wa tatu. Si mdudu yuleyule kabisa, ila ni ukoo mmoja na tabia zinafanana.

MAISHA YAKE YAKOJE?

Mvua ikilainisha udongo, madundu wanatoka chini walikokuwa wamejificha. Usiku wanaruka, wanatafutana, na aina nyingine zinakula majani ya miti na ya mazao. Ukiamka ukute majani ya mpera au ya maharage yametobolewa na hakuna mdudu, huenda ni wao. Mchana wanajificha.

Jike anaingia ardhini na kutaga mayai. Mayai yakianguliwa, anatoka buu mweupe, mnene, aliyejikunja kama herufi C. Kichwa chake ni cha kahawia, karibu na kichwa ana miguu sita, na sehemu ya nyuma inaonekana nyeusinyeusi kwa sababu ya udongo aliokula. Huyo buu ndiye mharibifu mkubwa. Anakaa chini miezi mingi akila mizizi, kisha anatulia, anageuka kuwa dundu, na kusubiri mvua. Kwenye nchi zetu za joto, aina nyingi zinamaliza safari hiyo kwa mwaka mmoja. Kule Marekani kwenye baridi kuna zinazochukua hata miaka mitatu.

WENGI TUNAMCHANGANYA

Wengi wetu tunamwita funza. Hapo tuwe waangalifu. Funza anayeingia miguuni ni mdudu mwingine kabisa, ni aina ya kiroboto. Buu wa shambani haingii mwilini mwa mtu. Mtoto akimshika, anawe mikono tu, basi.

Wenzetu kutoka Congo wanaojua mpose, yule buu wa kwenye mchikichi anayeliwa, wasidhani ni huyu. Mpose hana miguu. Huyu wa shambani ana miguu sita.

Na kuna mabuu wema pia. Ukichimbua lundo la mbolea ukakuta mabuu wanene, wengi wao wanakula tu vitu vilivyooza, na wanasaidia kutengeneza udongo. Kuna njia ya kuwajua ambayo watoto wanaipenda sana: mweke buu juu ya ubao ulio sawa. Akijigeuza chali na kutembea kwa mgongo, huyo ni wa mbolea, mrudishe. Akibaki amejikunja ubavuni au akijaribu kwenda kwa miguu, usimrudishe shambani, mpe kuku.

UTAJUAJE KWAMBA NI YEYE?

Mmea unanyauka hata kama juzi mvua imenyesha. Majani yanageuka manjano. Ukiuvuta, unatoka kirahisi kwa sababu mizizi imekatwa. Kama mche umekatwa juu, pale shina linapogusana na udongo, huyo ni sota, siyo buu wetu.

Kwenye viazi vitamu, buu anaacha mashimo mapana yasiyoenda ndani sana. Kata sehemu hiyo, kilichobaki kinaliwa, ila usikiweke siku nyingi maana kitaoza. Ukikuta vijitundu vidogo vinavyoenda ndani na kiazi ni kichungu, huyo ni fukuzi wa viazi. Kiazi kichungu msikile.

Kabla ya kumshuku mtu, chukua jembe. Chimba shimo la mraba, upana wa hatua moja ya mguu wako, kina cha kiganja na zaidi kidogo. Tandaza udongo juu ya gunia, uhesabu. Rudia sehemu tano za shamba. Ukikuta buu mmoja hapa na pale, usihofu. Ukikuta watatu wanne katika kila shimo, umeshampata mchawi wako.

TUFANYE NINI SHAMBANI?

Kwanza, tulime mapema na kwa kina. Jembe likigeuza udongo, mabuu wanabaki juu ya jua, na yangeyange na kunguru wanakuja wenyewe. Fungulia kuku wako wapite nyuma ya jembe. Hiyo ni dawa ya bure, na kuku wanashiba.

Pili, tusiweke mbolea mbichi. Samadi na takataka zisizooza vizuri ni kama kitanda na chakula kwa mabuu. Subiri mpaka mbolea iwe nyeusi, haina joto na hainuki.

Tatu, tubadilishe mazao. Ardhi iliyokuwa na majani ya porini kwa muda mrefu huwa na mabuu wengi, maana wanapenda mizizi ya nyasi. Mahindi na viazi ndivyo vinavyoumia sana hapo. Msimu wa kwanza ni afadhali kujaribu maharage, si kwamba hayaguswi kabisa, lakini tusiweke matumaini yote kwenye mahindi. Na nyasi za kando kando ya bustani tuzipalilie.

Nne, tuweke akiba ya mbegu kidogo. Miche ikifa mapema, chimba palepale, mtoe buu, kisha rudishia mbegu. Ukirudishia bila kumtoa, umemwongezea chakula. Na viazi vikikomaa tuvichimbe, tusiviache ardhini.

NA NYUMBANI USIKU?

Mmeshaona Waganda wa Masaka wanavyokamata nsenene: taa kali, mabati, na mapipa chini. Sisi tufanye vivyo hivyo kwa kiasi chetu. Wiki zile za kwanza za mvua, tundika taa ya sola nje, juu ya beseni lenye maji na sabuni kidogo. Madundu wanagonga, wanaanguka, wanazama. Kila jike aliyekufa kabla ya kutaga ni mabuu wengi waliopungua shambani. Kama unataka kuwapa kuku, tumia maji matupu bila sabuni. Ukimaliza, zima taa, maana ikiwaka usiku kucha unawaita hata wa jirani. Kwa kazi hii msitumie kibatari wala mshumaa karibu na turubai. Moto hausikii pole.

Ndani ya nyumba, funga mlango kabla ya kuwasha taa, na ziba matundu kwa kitambaa. Kama taa yako ina mwanga wa njano, tumia huo. Mwanga mweupe mkali unawavuta zaidi.

Jihadharini na mdudu mmoja mdogo anayekuja taani msimu huohuo: mwembamba kama sisimizi mrefu, mwekundu na mweusi kwa vipande. Huyo msimponde kwenye ngozi, maana maji yake yanababua. Mpulize aondoke, kisha oga kwa sabuni.

MDUDU AKIINGIA SIKIONI

Hili linatokea, hasa kwa watoto wanaolala chini. Msichokonoe kwa njiti wala pini, mtamsukuma ndani na kutoboa sikio. Mlaze mtoto ubavu, sikio lenye mdudu liwe juu, dondosha matone machache ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu mdogo sana, siyo ya moto. Subiri mdudu afe, kisha geuza kichwa atoke na mafuta. Asipotoka, nendeni kituo cha afya. Kama sikio linatoa usaha au liliwahi kutoboka, msiweke kitu chochote, nendeni moja kwa moja.

TAFADHALI, SUMU HAPANA

Tunajua sokoni kuna watu wanauza dawa kwenye vichupa visivyo na maandishi. Msinunue. Buu yuko chini ya udongo, ukipulizia majani hautamfikia, ila utafikia mboga ambazo watoto watakula kesho. Na vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, tunawaomba sana, msivitumie ndani ya nyumba wala msivifukie bustanini karibu na mahali watu wanalala. Vinatoa hewa ya sumu inayoua familia nzima usingizini. Wala dawa yoyote isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma hatari, anajua kusoma soda.

Sasa basi, kabla ya mvua inayokuja, kila nyumba ichimbe mashimo yake matano na kuhesabu. Watoto watuletee hesabu darasani, tutaziandika ubaoni mtaa kwa mtaa tujue tulipo. Na kama mlishagombana na jirani kwa ajili ya mahindi yaliyonyauka, chukueni jembe, mkachimbe pamoja.

Tukijaliwa, tuonane toleo lijalo.