Homoni ya Ukuaji na Uponaji wa Maungio ya Utumbo kwa Panya: Maana ya Vipimo na Mipaka Yake

Kuvuja kwa maungio ya utumbo ni miongoni mwa matatizo yanayohofiwa zaidi baada ya upasuaji wa tumbo, kwani kinyesi kikipenya ndani ya fumbatio huweza kusababisha maambukizi yanayoua. Makala hii inaeleza jinsi homoni ya ukuaji inavyoathiri uponaji wa maungio hayo kwa panya wa maabara, na namna matokeo yake yanavyopaswa kufasiriwa.

Uimara wa maungio hutegemea kolajeni iliyomo katika tabaka lililo chini ya utando ute. Mwaka 1887, mpasuaji wa Marekani William Halsted alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba tabaka hilo ndilo linaloshikilia nyuzi za mshono. Katika siku tatu au nne za mwanzo, vimeng'enya huvunja kolajeni ya zamani kandokando ya jeraha kabla kolajeni mpya haijatosha. Katika kipindi hicho mshono ndio unaobeba mzigo. Nguvu ya tishu hurejea kwa kasi kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza.

Homoni ya ukuaji huchochea ini na tishu nyingine kutengeneza IGF-1, protini inayofanana na insulini, ambayo huhimiza seli za tishu unganishi kuzalisha kolajeni. Tafiti kadhaa zimeripoti maungio imara zaidi kwa panya waliopewa homoni hiyo.

Hata hivyo, kipimo kilichotumika lazima kizingatiwe. Shinikizo la kupasuka hupatikana kwa kujaza utumbo hewa au maji. Nguvu ya kukatika hupatikana kwa kuuvuta. Baada ya takribani wiki moja, utumbo unaojazwa mara nyingi hupasuka nje ya maungio. Hapo kipimo cha kwanza hakielezi tena hali ya maungio.

Zaidi ya hayo, uimara wa mshono si sawa na usalama wa mgonjwa. Mwaka 1999 yalichapishwa majaribio mawili yaliyofanyika Ulaya kwa wagonjwa mahututi 532, baadhi yao wakiwa wamepasuliwa tumbo. Katika jaribio la Finland, vifo vilikuwa asilimia 39 kwa waliopewa homoni ya ukuaji na asilimia 20 kwa wasiopewa. Katika jaribio la pili, asilimia 44 dhidi ya 18. Kwa hiyo, utafiti wa panya unaopima maungio pekee hautoshi kuhalalisha tiba hiyo kwa binadamu. Vifo, maambukizi na hali ya mwili mzima navyo havina budi kupimwa.