Mtoto Anaenda Kusoma Ulaya: Tuhesabu Kwanza Saa za Kazi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, mazungumzo ni yale yale katika nyumba zetu. Mtoto amepata diploma, amemwagiwa poda kichwani, kartie yote imepiga kelele. Siku mbili tatu zinapita, kisha mjomba anakohoa na kusema: "Huyu tumtume Ulaya. Akifika kule atasoma na kufanya kazi. Atajilipia masomo yeye mwenyewe, halafu atainua na wadogo zake." Kuanzia hapo watu wanaanza kuangalia kiwanja cha baba kwa jicho lingine.

Wamama wapenzi, juma hili tunataka kukaa juu ya maneno hayo machache, "atasoma na kufanya kazi". Viwanja vinauzwa juu ya maneno hayo, na likelemba za mwaka mzima zinamalizika juu yake. Si ya uongo. Lakini visa ya mwanafunzi si visa ya kazi. Ni ruhusa ya kusoma, na pembeni yake kumewekwa saa chache za kazi, zilizohesabiwa.

Tuchukue Ubelgiji, kwa sababu ndiko wengi kati yetu tuna ndugu. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hawezi kupita saa 20 za kazi kwa juma wakati masomo yanaendelea. Likizo za shule zikifika, mpaka huo unaondoka na anaweza kufanya zaidi. Kuna hesabu ya pili ambayo watu wanaichanganya na hii. Tangu 2025, mwanafunzi anaweza kufanya saa 650 kwa mwaka akikatwa kidogo sana, asilimia 2,71 ya mshahara, wakati mfanyakazi wa kawaida anakatwa asilimia 13,07. Hiyo ni habari ya makato tu, haifuti zile saa 20. Marafiki wakimwambia mtoto "sasa ni 650, fanya unavyotaka", wanamwingiza shimoni.

Sasa tuhesabu pamoja, kama tunavyohesabu faida ya gunia la mahindi. Tuseme amepata kazi ya kusafisha ao ya kuosha vyombo katika mkahawa, na analipwa euro 12 kwa saa. Saa 20 kwa juma ni euro 240. Majuma 4 ni euro 960, mbele ya makato. Mtu wa kwetu akisikia euro 960, anaruka. Mama, keti. Tuseme chumba ni euro 500. Chakula, hata akipika mwenyewe bukari na sombe, tuseme 200. Simu, usafiri, bima ya ugonjwa, sabuni na koti la baridi vitakula 100 nyingine. Zinabaki euro 160, na bado hatujagusa pesa ya chuo wala vitabu.

Na hiyo ni hesabu ya mtu aliyekwisha kupata kazi. Mtoto anayefika mwezi wa kenda haanzi kazi siku ya pili. Anapashwa kujiandikisha kwenye komini katika siku 8 za kazi, kisha polisi wa kartie anapita kuhakikisha kwamba kweli anakaa kwenye anwani aliyotoa, ndipo dosie ya kadi inaendelea. Mpaka karatasi hizo zikamilike, waajiri wengi hawamchukui. Kadi yenyewe inaandika kwamba ruhusa yake ya kazi ina mipaka. Kwa hiyo ile miezi ya kwanza, yenye baridi kuliko yote na yenye matumizi kuliko yote, inapashwa kulipwa na pesa iliyotoka huku. Familia nyingi zinamaliza pesa yote kwenye tikiti na visa, zinamtuma mtoto na euro 200 mfukoni, na hapo matatizo yanaanza.

Kuna simu moja ambayo wanafunzi wa kwetu wanaijua vizuri. Inapigwa katikati ya mwezi wa 12. Upande huu mama anasema: "Mwanangu, Bonane inafika, wadogo zako hawana nguo, na unajua deni la tikiti bado." Si dhambi kuomba. Lakini tazama kalenda ya kule. Mitihani ya kwanza ya mwaka ni mwezi wa kwanza. Majuma ya Noeli na Bonane ndiyo wanafunzi wa Ubelgiji wanajifungia kusoma, wanayaita blokusi. Mtoto mwema, anayempenda mama yake, anaacha vitabu na kuchukua saa zote anazopewa. Pesa inafika huku, tunacheza, tunakula kuku. Mwezi wa pili anapata pointi 7 juu ya 20.

Tungeweza kusema atarudilia, kama tunavyorudilia huku. Kule kurudilia kunagusa kadi ya kukaa. Mwaka mmoja kamili wa chuo una krediti 60. Mwanafunzi wa ngazi ya kwanza anayemaliza miaka 2 bila kufikisha angalau krediti 45, Ofisi ya Wageni inaweza kukataa kumrudishia kadi. Akimaliza masomo yake vizuri, mambo ni tofauti kabisa: anaweza kuomba miezi 12 ya kubaki na kutafuta kazi yenye mkataba wa kweli. Ndiyo sababu sisi tunaona kwamba euro 100 ya Bonane inaweza kuwa pesa ya bei kali kuliko zote ambazo familia imepata kupokea.

Nchi nyingine zina mipaka yao. Ufaransa inahesabu kwa mwaka: saa 964, yaani asilimia 60 ya saa za mfanyakazi wa kawaida, na mbele ya kutoa visa inataka kuona kwamba mtoto ana angalau euro 615 kwa kila mwezi. Ujerumani, tangu Machi 2024, inatoa siku 140 kamili kwa mwaka, ao nusu siku 280. Uingereza ni saa 20 kwa juma kwa wale wa chuo kikuu. Marekani wanaruhusu saa 20 ndani ya chuo chenyewe tu. Kazi ya nje ya chuo mwaka wa kwanza hapana. Kanada wamepandisha kutoka 20 mpaka 24 kwa juma tangu Novemba 2024, na watoto wetu wengi wanaangalia huko kwa sababu ya Kifaransa cha Quebec. Lakini Kanada haiamini maneno ya "atafanya kazi". Tangu Septemba 2025 inataka mwombaji mmoja aonyeshe dola za Kanada 22 895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na pesa ya shule na ya safari. Hiyo inapita dola 16 000 za Marekani. Quebec ina hesabu yake pembeni, lakini nayo si ndogo.

Halafu kuna Uhindi. Tunaiweka peke yake kwa sababu watoto wengi wa Kongo wamekwenda huko, masomo yakiwa ya bei nafuu. Visa ya mwanafunzi ya Uhindi hairuhusu kazi. Si saa 20, si saa 5. Mtu anayekuuzia dosie ya Uhindi akisema "atajitafutia kazi kidogo jioni", mwulize kwa karatasi gani.

Mtoto akiona saa hazitoshi, njia mbili zinamfungukia, na zote mbili zina giza. Ya kwanza ni kazi bila mkataba, analipwa mkononi. Tajiri akikataa kumlipa mwisho wa mwezi, mtoto ataogopa kwenda kulalamika, na tajiri anajua hivyo. Ya pili ni kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Mwenye karatasi nzuri anamwazima kadi yake, mshahara unaingia kwenye konti ya mwenye kadi, naye anakata sehemu yake mbele ya kutoa kilichobaki. Akiamua kutotoa kitu, nani atamshitaki? Mtoto akiumia kazini, aliyeumia kwenye vitabu ni mwingine. Wamama, tusifurahie pesa nyingi inayotoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tumwulize inatoka wapi, kwa sauti ya mama, si ya polisi.

Kuhusu mabinti kuna jambo ambalo halisemwi sana kwenye mikutano yetu. Mara nyingi msichana anatumwa kukaa kwa tantini aliyeko Brussels ao Liège, ili asilipe chumba. Tantini wengine ni watu wa baraka, wanamlea kama wa tumbo lao. Wengine wanamgeuza mtumishi: anaamsha watoto, anawapeleka shule, anapika, anafua, na akisema ana somo saa mbili asubuhi anaambiwa "nani anakulisha?" Hiyo nayo ni kazi, tena haihesabiwi saa na haina mshahara. Mbele ya safari, kaeni na tantini kwenye simu, mama wa mtoto na baba wakisikia, mpatane: atasaidia siku gani, atasoma saa ngapi, atalala wapi. Haya ya siku moja ni bora kuliko ugomvi wa ukoo mzima.

Kuna pia matangazo ambayo si ya masomo hata kidogo, yamevaa tu nguo ya masomo. Mwaka 2024 waandishi wa Associated Press walifuatilia programu iitwayo Alabuga Start, kule Tatarstan nchini Urusi. Ilikuwa inaita kwenye intaneti wasichana wa Afrika wa miaka 18 mpaka 22: tikiti bure, mshahara, kazi na masomo pamoja, katika mambo kama hoteli na upishi. Wasichana kutoka Uganda, Rwanda na nchi nyingine walikwenda. Waandishi hao walieleza kwamba wengine walijikuta kiwandani wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani, wakishika dawa zinazochoma ngozi. Tarehe 2 Aprili 2024 mahali hapo palipigwa na ndege za Ukraine, na bweni likaguswa, watu wakaumia. Agosti 2025 serikali ya Afrika Kusini iliwaonya wasichana wake juu ya ahadi za namna hiyo. Sisi tunatazama alama moja: chuo cha kweli kinauliza diploma na pointi. Anayeuliza kwanza umri na kwamba ni msichana, huyo hatafuti mwanafunzi.

Basi, kiwanja kikiwa bado hakijauzwa, ombeni kuona barua ya chuo yenyewe, si picha kwenye simu ya mtu wa kati. Andikieni chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, mwulize kama barua hiyo ni yao. Mwalimu yeyote wa Kifaransa wa kartie atawasaidia kuandika mistari minne. Jueni kwamba pesa ya ombi la visa hairudi hata wakikataa, na safari ya Kinshasa kwa ajili ya dosie nayo ina bei yake. Na ile barua ya dhamana ya Ubelgiji, wanayoiita Aneksi 32, isinunuliwe. Anayesaini anajifunga kulipa chakula, nyumba, ugonjwa, masomo, hata tikiti ya kurudishwa. Mtu asiyemjua mtoto wako, anayesaini kwa dola 1 000, hatalipa hata kimoja, na mtoto atafika akiwa na mdhamini wa karatasi tu.

Vikundi vyetu vinaweza kufanya kitu hapa. Likelemba ya kumtuma mtoto isimalizike siku ya ndege. Mkiwa wamama 15 na mmoja ana mtoto chuoni nje, zamu yake ya pili iwekwe mbali, isiguswe, iitwe pesa ya baridi: miezi 4 ya chumba na chakula. Kama mtoto amepata kazi mapema, pesa inamngoja mwaka wa pili. Wengine watasema ni nyingi. Kama haipatikani, afadhali mtoto aanze hapa nyumbani, amalize ngazi ya kwanza, aende baadaye akiwa mkubwa zaidi na dosie yenye nguvu zaidi. Wajomba hawatapenda, tunajua.

Kwa wale ambao watoto wao wako Ubelgiji tayari: kadi ya mwanafunzi kwa kawaida inaisha tarehe 31 Oktoba, na ombi la kuirudilia linapashwa kuingia kwenye komini mapema, likiwa na pointi za mwaka uliopita na barua mpya ya dhamana. Mitihani ya marudio ni kati ya mwezi wa nane na wa kenda. Katika miezi hiyo mitatu, mpigie mtoto simu umwulize kama amekula na kama komini imemjibu. Habari za mabati ya nyumba zingoje Novemba.